Usiku wa Jumatano Mjini Chemchemi

Kitendawili! Semeni "tega", wajukuu zangu, msininyamazie kama mnaosinzia darasani. Haya: ninaye mtoto, kwa jirani amekwisha zaliwa na jina amepewa, kwangu bado yumo tumboni.

Nani huyo? Kivuli? Sicho. Mwezi? Umekaribia, lakini siyo. Mmeshindwa, nipeni mji. Tanga sitaki, Tanga nimepewa mpaka nimechoka, na Mombasa nimekwisha kula halua yao yote. Nipeni mji wa mbali. Nipeni Chemchemi, ulioko juu kwenye sayari ya Mirihi, unaoishi chini ya kuba la kioo kama kuku chini ya tenga. Ahsanteni. Nimekwenda Chemchemi, nimekula, nimekunywa, na jibu nimelikuta huko huko: mtoto huyo ni siku. Kuna mtaa ambao kwao Jumatano huzaliwa jua likizama Jumanne. Na kuna mtaa wa pili, ng'ambo ya bomba kubwa, ambao Jumatano yao haizaliwi mpaka saa sita ya usiku, watu wakikoroma. Kwa hayo mambo mawili, kijana mmoja aliungua mikono yote, na dada yake akawekwa njia panda. Huyo dada ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Aliitwa Mize binti Faki. Alikuwa msimamizi wa maji wa mtaa wa Kojani, na alasiri ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha hospitali akimlisha mdogo wake uji kwa kijiko.

"Usinitazame kama maiti," Shaame alimwambia. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. "Ni mikono tu, dada. Uzuri wangu upo pale pale."

"Uzuri gani? Mama alikuwa anakudanganya tu."

Shaame akacheka, na kicheko kikamuuma. Mize akamfuta kidevu. Alitaka kumwambia neno, lakini kila neno alilolifikiria lilianza na "ningejua", akaliacha.

"Jumatatu watakuita kwenye Baraza," Shaame alisema.

"Wataniita."

"Watakuuliza ulimwambia fundi Magesa achemshe mabomba usiku upi."

"Fungua kinywa."

"Sifungui. Dada, wewe waambie Jumatano, kwa hesabu yao. Waambie umesema kama sheria inavyotaka, na mimi ndiye niliyejiingilia handaki la mabomba kwa uzembe wangu. Yaishe."

"Yaishe!" Mize akaweka bakuli chini kwa kishindo. "Unajua mzembe wa mabomba wanampeleka wapi? Wanamteremsha Duniani. Wewe umezaliwa hapa, Shaame. Mifupa yako ni ya hapa. Kule utalemewa na mwili wako mwenyewe, kila pumzi utaivuta kama mtu aliyelaliwa na gunia la mchele. Daktari wako kaniambia huchukui mwaka."

"Najua alichokwambia. Aliniambia mimi kwanza." Akageuza uso kuelekea ukutani. "Lakini mimi ni mmoja. Kojani ni watu wangapi? Ukisema kweli watawavisha wote kile kidude cha kooni, kinachomgeuzia mtu maneno. Hata watoto. Usiuze usiku wetu kwa ajili ya mikono yangu."

Mize alichukua bakuli, akaendelea kumlisha, na safari hii Shaame alifungua kinywa.

Sasa niwaeleze, maana kuna mambo msipoyajua mtaniona nimerukwa na akili.

Mirihi nayo huzunguka kama Dunia yetu, lakini huzunguka kwa uvivu kidogo. Siku yake huizidi yetu kwa dakika arobaini hivi. Walowezi wa kwanza walipofika na saa zao za mkononi, dakika zile zikawashinda pa kuziweka. Watu wa mtaa wa Ukara, ambao babu zao walitoka visiwa vya ziwani, wakaziweka saa sita ya usiku na kuzilala. Watu wa Kojani, waliotoka visiwa vya pwani, wakaziweka magharibi, jua lile dogo linapotua likiwa na rangi ya buluu. Wakaziita kiporo. Kila jioni saa zote za Kojani zilisimama, watu wakatoka vibarazani kula kiporo cha wakati: kunywa kahawa, kusukana nywele, kutegeana vitendawili. Kiporo kikiisha, siku mpya imekwisha ingia.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Kojani "usiku wa Jumatano", yeye anaujua usiku unaoitangulia Jumatano mchana. Ukimwambia mtu wa Ukara, anaujua ule unaoifuata. Na miaka yote hiyo mabomba yalichemshwa kila wiki kwa mvuke mkali ili ukungu usiote ndani ya maji, na hakuna aliyeungua hata ukucha. Sababu yake ni ndogo. Magesa, fundi wa mvuke wa Ukara, kila alipopewa agizo na Mize aliuliza swali lile lile:

"Wa kwenu au wa kwetu?"

Mize akamjibu. Basi. Halafu utani ukafuata, maana mitaa ile miwili ilikuwa ya watani.

"Siku yenu inaanza kwa kulala," Magesa alikuwa akisema. "Ndiyo maana hamwendi mbali."

"Na yenu inaingia mmelala fofofo, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona mlangoni. Mgeni gani hapokelewi?"

Wakacheka, wakafunga simu, na Magesa akachemsha usiku unaotakiwa.

Lakini shida haikuwa ya mitaa hiyo miwili tu. Meli za mizigo zilileta masanduku yaliyoandikwa tarehe kila moja kwa desturi ya kwao. Huyu kaanza na siku, yule kaanza na mwezi, wa tatu kaanza na mwaka. Wapishi walitupa hamira nzima-nzima wakidhani imeoza. Hayo watu waliyacheka. Hawakucheka siku mama mzazi wa mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Nyamizi, alipochomwa sindano ya dawa iliyokwisha nguvu, kwa kuwa muuguzi aliusoma mwezi wa nne kama siku ya nne. Mama yule alizikwa, na mwaka uliofuata ikapita Sheria ya Tarehe Moja, kwamba siku ya kila mtu ianze saa sita ya usiku kama ya Ukara, na Mpatanishi akaletwa.

Mpatanishi ni akili ya mashine. Ilikaa ndani ya kidude kidogo kama punje ya mpunga, na kila mkazi alitiwa punje sikioni. Wewe sema tarehe upendavyo, andika upendavyo. Mwenzako ataisikia au kuiona katika sura moja tu, iliyoidhinishwa. Sauti yako halisi haikuhifadhiwa popote. Mpatanishi aliiyeyusha kama sukari kwenye chai, ikabaki tarehe safi. Mwanzoni watu walifurahi. Hata Mize alifurahi. Kazi ilikwenda haraka, hakuna tena kuulizana.

Wiki ile Mize alimwagiza Magesa achemshe mabomba usiku wa Jumatano. Magesa akasikia: Jumatano, saa mbili usiku, kwa hesabu ya sheria. Jumanne jua lilitua, Kojani wakala kiporo chao, na kila mtu mtaani akaamini mabomba yanachemka. Handaki liko chini sana, halisikiki likichemka wala lisipochemka. Kesho yake, jua lilipotua tena, kwa Shaame ulikuwa umeingia usiku wa Alhamisi. Akashuka handakini kusafisha machujio, akipiga mluzi.

Magesa alifungua mvuke saa mbili kamili.

Asubuhi ya Ijumaa Mheshimiwa Nyamizi alimwita Mize ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti. Mezani kwake palikuwa na chupa ya chai, vikombe viwili, na ukosi mwembamba wa rangi ya maziwa.

"Karibu, Bi Mize. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula."

"Mungu ampe nafuu." Akamimina chai. "Sitaki kukuzungusha. Sheria inasema anayeagiza kazi ya hatari lazima aseme kwa Tarehe Moja, Mpatanishi awepo asiwepo. Kama ulikusudia Jumatano ya sheria, hukukosa, Magesa hakukosa, na mashine haikukosa. Amekosa aliyeingia handakini."

"Mtoto aliyeungua."

"Kama ulikusudia usiku wa huko kwenu," Nyamizi aliendelea, kana kwamba hakusikia, "basi Shaame hana hatia. Hatia ni yako na ya mtaa wako, kwa kuendeleza hesabu iliyokatazwa. Na mimi nitakuwa sina budi." Akausogeza ule ukosi mbele. "Uvae, ujue ninachozungumzia. Hauumi."

Mize aliuzungusha shingoni. Ulikuwa wa baridi, kisha ukapata joto la ngozi mpaka asiuhisi.

"Sema siku ya kuchemsha, kama unavyosema nyumbani."

Mize akasema, "Usiku wa Jumatano." Alilitengeneza neno kwa ulimi wake, alilihisi mdomoni. Lakini lililotoka, kwa sauti yake mwenyewe na kwa pumzi yake mwenyewe, lilikuwa, "Jumanne, saa mbili usiku."

Akashtuka, akashika koo. Akajaribu tena, polepole. Likatoka lile lile.

"Unaona?" Nyamizi alisema kwa upole. "Huu umefundishwa vizuri zaidi kuliko punje. Umeujua usiku wenu. Ungekuwa umeuvaa siku ile, mdogo wako angekuwa mzima."

Hapo ndipo Mize aliponyong'onyea, wajukuu zangu, maana ilikuwa kweli. Adui akikuonyesha uongo unapata nguvu ya kugombana. Huyu alimwonyesha kweli. Akauvua ukosi, akauweka mezani.

"Mtoto akiuvaa tangu mdogo?" aliuliza.

"Atazoea."

"Atajua alitaka kusema nini?"

Nyamizi alikunywa chai yake kwanza. "Mama yangu alikufa kwa sababu watu wawili waliisoma tarehe moja kila mtu kwa desturi yake. Mimi sikuileta sheria hii kwa kupenda ubwana. Nataka watu wasife. Ukiniletea njia bora, nitaisikiliza. Kama huna, nisaidie Jumatatu tumalize."

Jioni hiyo, wakati wa kiporo, Mize aliketi kibarazani kwa Bi Raya, shangazi yake, aliyekuwa akimenya vitunguu. Siku hizo kiporo kilikuwa cha siri. Saa za mtaa zilikuwa zimelazimishwa kuendelea, lakini watu walitoka nje tu, wakijifanya wanapunga hewa.

"Sema Jumatano yao," Bi Raya alimwambia bila kuinua macho. "Wampe Shaame adhabu, tutamwombea msamaha baadaye."

"Wasipotoa msamaha?"

"Watatoa."

"Shangazi, wewe uliwahi kuwaona wakitoa?"

Kisu kilisimama. "Sasa wataka nini? Watuvishe ukosi kama mbwa? Tumekaa na sheria hii kwa akili. Barazani tunasema yao, nyumbani tunasema yetu. Tumefunika chungu, mboga inaiva. Wewe wataka kwenda kufunua mbele za watu!"

"Chungu kimemuunguza mtu tayari."

"Na utaunguza mtaa mzima kwa jeuri yako. Jeuri ya babako hiyo, Faki. Naye alikuwa hivyo hivyo, hasikii, haambiliki."

"Alikufa vipi babangu?"

"Kitandani kwake, mwenye kelele mpaka mwisho," Bi Raya alisema, na licha ya hasira yake mdomo ukamchezacheza.

Mize aliondoka pale. Akapita ng'ambo ya bomba kubwa mpaka Ukara, kwa Magesa, ambaye tangu siku ile hakuwa ametoka nje. Alimkuta kwenye ngazi za nyumba yake, ndevu hazijanyolewa, mikono imelala mapajani kama vyombo visivyo na kazi.

"Dada Mize." Akasimama nusu, akakaa. "Nilidhani hutakuja."

"Nimekuja."

"Mimi ndiye niliyefungua mvuke."

"Ulifungua ulivyoambiwa."

"Lakini nilikuuliza!" Magesa alisema, na sauti ikampasuka. "Mize, naapa, nilikuuliza kama siku zote. Sheria au siyo sheria, mdomo umezoea. Nikangoja unijibu. Ukanyamaza, kisha ukaniaga. Nikasema, ah, basi, labda amechoka na utani wangu."

Mize alimkazia macho. "Hukuniuliza kitu. Ulisema 'sawa', tukaagana."

Wakatazamana. Kisha kila mmoja, bila kuambiana, akapeleka mkono kwenye sikio lake.

Wakaelewa wote wawili kwa pamoja. Mpatanishi alilisikia lile swali. Kwake tarehe ilikuwa imekwisha safishwa, swali halina haja, ni takataka ya maongezi. Akalimeza lisimfikie. Kile kilichowalinda miaka yote, kile cha mtu kumuuliza mwenzake, ndicho mashine ilichokiona hakina faida.

"Usinijibu sasa," Magesa alisema, akiinuka. "Hapa hakuna anayesikia. Nitakuuliza tena Jumatatu, mbele ya watu."

Jumatatu ukumbi wa Baraza ulijaa. Kojani walikaa kushoto, Ukara kulia, na katikati pakabaki uwazi ambao hakuna aliyetaka kuukalia. Bi Raya alikuwa safu ya mbele, amejifunga mtandio kana kwamba anakwenda vitani, lakini hakumtazama Mize. Kwenye ukuta kulikuwa na kioo kikubwa ambacho Mpatanishi aliandika juu yake kila neno la shauri.

Mheshimiwa Nyamizi alisimama. "Mize binti Faki. Ulipomwagiza fundi Magesa achemshe mabomba, ulikusudia usiku upi?"

Mize alifungua kinywa. Akaona maandishi ya swali yamekwisha kaa kwenye kioo, na chini yake nafasi tupu inasubiri. Akajua kitakachotokea. Akisema "usiku wa Jumatano", watu wote ukumbini watasikia Jumatano ya sheria, na Shaame amekwisha. Akisema Jumanne, atakuwa amemwokoa mdogo wake kwa hesabu ya wengine, na kesho watamwambia: unaona, unaweza, basi vaeni wote. Kila mlango wa kutokea ulikuwa umeshikwa na mashine.

Akaingiza kidole sikioni, akaitoa punje, akaiweka mezani mbele ya Mwenyekiti.

Ukumbi ukavuma.

"Bi Mize, rudisha," Nyamizi alisema. "Kuvua punje barazani ni kosa."

"Liandikeni kosa hilo pamoja na mengine."

"Bila punje, jibu lako halitaandikwa."

"Lisiandikwe. Nataka lisikike." Akawageukia watu. "Mheshimiwa, umeniambia nikuletee njia bora. Njia tulikuwa nayo. Tulikuwa tunaulizana! Mama yako, Mungu amrehemu, hakuuawa na siku iliyotangulia mwezi wala mwezi uliotangulia siku. Aliuawa na muuguzi ambaye hakumgeukia mwenzake akamuuliza, hii ni ipi? Ninyi mkaona dawa yake ni kutunyima hata sababu ya kuuliza. Mimi sikatai watu waelewane. Ninakataa kuelewana kwa kuzibwa."

"Keti chini!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Iulize hiyo mikono ya mdogo wako!"

"Nimeiosha mwenyewe asubuhi hii," Mize alimjibu. "Wewe uliiosha lini?"

Nyamizi aligonga meza, mara ya kwanza watu kumwona akigonga. "Jibu ni moja tu, Bi Mize. Unajua likiwa la kwenu mtaa wako utavaa nini."

"Najua. Mkiuleta ukosi wenu anzeni na shingo yangu, na mje wengi, maana sitainama."

Hapo kikasikika kiti kikisukumwa upande wa Ukara. Magesa alikuwa amesimama, amenyoa, shati limepigwa pasi. Aliitoa punje yake, akaishika kati ya vidole viwili kama mtu aliyetoa mwiba.

"Mheshimiwa, mimi ni shahidi wako," alisema. "Siku ile nilimuuliza huyu dada swali, na Mpatanishi wako akalila. Tazama kumbukumbu, hulioni. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Naomba nimuulize mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye anijibu kwa wake. Baadaye mtufanye mtakavyo."

Upande wa Kojani, Bi Raya alijishika sikio. Alinung'unika jambo kuhusu Faki na kizazi chake, kisha akavuta, punje yake ikadondoka sakafuni. Mzee wa nyuma yake akavua. Upande wa Ukara mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akavua yake, akaivua na ya mtoto. Punje zikaanza kuanguka huku na huku kama mchele unaopepetwa, na kwenye kioo cha ukutani maneno ya Mpatanishi yakakatika katikati ya mstari.

Mheshimiwa Nyamizi alibaki amesimama, mkono umefika nusu ya njia kwenda sikioni, haupandi, haushuki. Hakusema "endelea". Lakini hakugonga meza tena.

Magesa akavuka ule uwazi wa katikati mpaka akasimama mbele ya Mize.

"Ule usiku, Mize," alisema. "Wa kwenu au wa kwetu?"

Mize akavuta pumzi, akamtazama usoni.

"Wa kwetu Kojani, Magesa."